Sura ya Sita: Kagera ya Wasomaji

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana mmoja kutoka Ukerewe alivuka Ziwa Viktoria kwenda kusoma katika seminari ya Rubya, kwenye vilima vya Ihangiro ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Muleba. Kijana huyo, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896. Rubya alikaa miaka kama kumi akifundishwa Kilatini, Kijerumani, falsafa na teolojia. Hakufikia upadri. Alirudi Ukerewe, akaoa, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wapendanao waliokosa mtoto na wasiokubali kuachana kwa sababu hiyo. Mchapaji wa kuitoa kwa Kikerewe hakupatikana. Uzeeni, Kitereza akaketi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili. Alifariki mwaka uliofuata kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Aliyeiongoza Tanzania Publishing House wakati huo ni Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara. Kwa hiyo riwaya ambayo mwandishi wake alisomea upande mmoja wa Kagera ilifikishwa kwa wasomaji na mtu aliyezaliwa upande mwingine wa mkoa huohuo. Jambo kama hili, lingetokea kwenye miji inayojua kujitangaza, lingekuwa na kibao ukutani. London imekuwa ikibandika vibao kwenye nyumba za waandishi wake tangu karne ya 19. Bukoba na Muleba hazina vibao vya namna hiyo. Mgeni huonyeshwa ziwa, hulishwa senene na ndizi, hupelekwa kwenye maporomoko na mapango, kisha huondoka bila kuambiwa kwamba amepita kwenye mojawapo ya sehemu za mwanzo kabisa za Tanganyika ya bara ambako watu wa kawaida walijenga mazoea ya kusoma.

Sura hii inamwelekeza msomaji kwenye mahali hapo, na inamwelekeza pia kwenye vitu vidogo vinavyothibitisha historia hiyo: riwaya pendwa za bei nafuu, magazeti ya katuni, vitabu vya elimu ya watu wazima, vijitabu vya kanisa. Msimamo wangu ni mmoja. Kitabu cha zamani kilichopatikana Kagera kina thamani kubwa zaidi kikibaki na alama za Kagera: muhuri wa shule, jina la mwanafunzi, bei ya duka, doa la kahawa. Mkusanyaji anayezifuta alama hizo ili kitabu kionekane kipya anatupa nusu ya alichokinunua.

Rubya na vilima vya Ihangiro

Safari ya mpenda vitabu ianzie Muleba, kilometa zipatazo 70 kusini mwa Bukoba. Barabara ni ya lami na daladala ni za kutosha. Kutoka Muleba mjini unashika njia ya Rubya, ukipita migomba na mibuni iliyopandwa pamoja kama ilivyo desturi ya vibanja vya Wahaya.

Seminari ya Rubya ilianzishwa na wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Askofu Joseph Hirth. Eneo lake la uaskofu lilikuwa kubwa mno: lilifika hadi Rwanda. Kabla seminari ya Kabgayi haijafunguliwa, vijana wa Rwanda waliletwa hapa Ihangiro kusoma, na miongoni mwao walikuwamo mapadri wa kwanza wa nchi hiyo waliopewa daraja mwaka 1917. Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, naye alipita Rubya. Kitereza, basi, alikaa bwenini na vijana wa lugha na falme tofauti, kila mmoja akiwa na hadithi za kwao. Ukisoma riwaya yake ukaona jinsi anavyoeleza kwa utaratibu namna ya kutengeneza pombe ya ndizi, kupatanisha wakwe, au kumtibu mgonjwa, unamtambua mtu aliyefundishwa kuandika kwa mpangilio na ambaye hakusahau alikotoka.

Rubya si jumba la makumbusho. Ni shule inayoendelea na kazi yake, kwa hiyo mgeni hupita ofisini kwanza, huomba ruhusa, na huheshimu ratiba ya wanafunzi. Hata asipoingia madarasani, atakuwa amefika mahali panapostahili kutajwa katika kila historia ya riwaya ya Kiswahili.

Mkusanyaji atafute nini cha Kitereza? Juzuu zile mbili za 1980 ndizo za kwanza kuwindwa, na mara nyingi hupatikana moja bila nduguye. Ukiikuta moja, inunue. Nyingine utaikuta kwingine. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, na hiyo bado inapatikana kwa urahisi kiasi. Mkuki na Nyota ni kampuni aliyoianzisha Bgoya mwaka 1991, kwa hiyo kitabu hicho kimeendelea kulelewa na mkono uleule.

Bukoba: bandari, kanisa na mtambo wa kuchapa

Bukoba ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1890, kilichojengwa na Emin Pasha. Miaka miwili baadaye, vita vya dini vya Buganda viliwasukuma Askofu Hirth na waumini wake kuja upande huu wa ziwa, na misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji, ikafunguliwa mwaka 1892. Upande wa Waprotestanti mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara na kazi walirudi na vitabu vya Kiganda, wakakutana majumbani kusoma na kufundishana kabla mmisionari wa kwao hajafika. Biblia kamili ya Kiganda ilikuwa imeshatoka mwaka 1896. Vitabu vya Kiganda vya miaka hiyo bado hujitokeza kwenye masanduku ya familia za Bukoba, na mkusanyaji asivipuuze kwa sababu tu si vya Kiswahili. Ndivyo vilivyofundisha kizazi cha kwanza kusoma.

Anayetaka historia ya kanisa hilo la wasomaji atafute Bara Bukoba cha Bengt Sundkler, Msweden aliyekuwa askofu wa Kilutheri Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Church, Clan and the World cha Josiah Kibira, mwana wa Bukoba aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977. Kibira alikitoa mwaka 1974. Chapa ya Kiingereza ya Sundkler ilitoka mwaka 1980.

Katikati ya mji, karibu na kanisa kuu la Bukoba ambamo mwili wa Kardinali Rugambwa ulizikwa upya mwaka 2012, mpenda vitabu akumbuke jina Rumuli. Hilo ni jina la gazeti la Kihaya la Jimbo Katoliki la Bukoba, na pia la mtambo wa uchapaji uliotoa vitabu hapahapa Bukoba. Mwaka 1949 mtambo huo ulitoa Amakuru ga Kiziba, historia ya ufalme wa Kiziba na watawala wake iliyoandikwa na Francis Lwamgira. Mtu huyu alikuwa ameshafanya kazi na Wajerumani. Afisa Hermann Rehse alipochapisha kitabu chake juu ya Kiziba huko Stuttgart mwaka 1910, maarifa mengi yaliyomo aliyapata kwa Lwamgira. Karibu miaka arobaini baadaye, mtoa habari akawa mwandishi, kwa lugha yake, kwenye mtambo wa kwao. Kitabu hicho ndicho cha kwanza ambacho ningekitaka kwenye rafu yoyote inayojiita ya Kagera.

Kutoka kanisani teremka kuelekea ziwani. Hapo ndipo pa Duka Kubwa, jengo la zamani la biashara la wakati wa Wajerumani, na mbele zaidi ni bandari. Kwa miongo mingi bandari hii ndiyo iliyokuwa mlango wa magazeti na vitabu. Mizigo ya Dar es Salaam ilikwenda Mwanza kwa reli, ikapanda meli usiku, ikashushwa Bukoba asubuhi pamoja na abiria. MV Victoria imefanya safari hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. MV Bukoba nayo iliifanya hadi ilipozama tarehe 21 Mei 1996, msiba ambao hakuna ukoo Kagera usioukumbuka. Mlango wa pili ulikuwa Mutukula, mpakani mwa Uganda. Wahaya wengi walisoma Uganda, wengine Makerere, na waliporudi walibeba vitabu vya huko: vitabu vya East African Publishing House, vile vyenye migongo ya rangi ya chungwa vya Heinemann, na pengine nakala za Transition, jarida la Kampala lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961. Ndiyo maana sanduku moja la vitabu Bukoba laweza kuwa na riwaya za mpelelezi Willy Gamba na mashairi ya Okot p'Bitek wa Uganda vikiwa vimelaliana.

Mahali pa tatu pa kufika ni Maktaba ya Mkoa. Mtandao wa maktaba za umma nchini ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na tawi la Bukoba ndipo mahali pa kuanzia utafiti kabla hujatoa hata senti kununua kitu. Ukishaona nakala kamili ya kitabu, yenye jalada na kurasa zote, hutadanganyika ukikuta nakala pungufu sokoni.

Alama isiyo na jengo

Kagera ilikuwa na fasihi kubwa kabla ya kalamu. Nanga ya Wahaya ni ubao uliochimbwa mfano wa hori na kuvutwa nyuzi juu yake, na mpigaji huimba huku akisimulia habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Mwaka 1983 Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, alichapisha katika jarida la Marekani la Research in African Literatures makala juu ya wapiga nanga hao, akitetea kwamba kazi yao ni utendi kamili wa kishujaa, sawa na tendi za mataifa mengine. Miaka mitatu baadaye aliandika juu ya utendi huo tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati huo wapo wataalamu wa Ulaya waliodai kwamba Afrika haina utendi, na ushahidi wa kuwajibu ulikuwa kwenye vijiji vya Bukoba na Muleba ukiimbwa jioni penye kibuyu cha rubisi.

Mulokozi huyo ndiye mwandishi wa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe (1979), mshairi aliyetoa Malenga wa Bara (1976) pamoja na Kulikoyela Kahigi, na mtunzi wa hadithi za vijana zikiwemo Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Vitabu hivi vilisomwa sana mashuleni, kwa hiyo hupatikana vikiwa vimechakaa. Msomaji asisite kununua nakala iliyochakaa vizuri, yaani iliyochakaa kwa kusomwa: pembe zilizokunjwa, majibu ya mtihani pembezoni kwa penseli, orodha ya wanafunzi walioazimana kwenye jalada la ndani. Kwa upande wa hadithi, Peter Seitel, Mmarekani aliyefanya utafiti Kagera, alitoa See So That We May See mwaka 1980, mkusanyo wa hadithi za Kihaya alizozipanga ukurasani kwa mistari inayofuata pumzi ya msimuliaji.

Riwaya pendwa

Sasa tuje kwenye karatasi za bei nafuu. Nakala yangu ya Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, riwaya ya upelelezi iliyotolewa mwaka 1965 na East African Literature Bureau, ilitoka kwenye rundo la vitabu vilivyotandazwa juu ya turubai pembeni mwa soko. Mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi mweusi wa viatu, mishono mirefu ya mkono usio wa fundi. Kwenye ukurasa wa kwanza majina ya wasomaji yamefuatana, kila jina kwa wino wake, na chini yake mtu ameandika onyo kwamba atakayechukua bila kuaga atajibu. Ukurasa wa mwisho haupo, na mtu mwingine ameunakili kwa mkono kwenye karatasi ya daftari akaubandika kwa gundi. Sijapata kuona tahakiki ya kitabu iliyo wazi kuliko hiyo. Kuna mtu aliyeona kwamba msomaji atakayefuata hawezi kuachwa bila kujua muuaji ni nani.

Riwaya pendwa za Kiswahili zina vizazi. Cha kwanza kililelewa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na makao yake Nairobi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya taasisi hiyo, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka mwaka 1960 ikimleta Bwana Msa. Katalambulla akafuata. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana mwingine wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, jambo ambalo liliwafanya wanafunzi waitafute kwa bidii zaidi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi hiyo nayo ikaisha. Kizazi cha pili kikalazimika kujitegemea. Waandishi walianzisha kampuni ndogo, wakachapa kwenye karatasi ya gazeti, wakasambaza kwa wenye vioski na wachuuzi wa stendi. Elvis Musiba alikuwa ameshamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), akaendelea na Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama. Ben Mtobwa wa Kigoma akamleta Joram Kiango. Hammie Rajab na Eddie Ganzel nao walikuwa na wasomaji wao. Hali ya uchumi ya miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ngumu na karatasi ilikuwa adimu, na unaiona shida hiyo ukurasani: herufi ndogo, pambizo nyembamba, karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kwa Kagera kuna kundi linalohitaji rafu yake: vitabu vya vita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa kaskazini mwa Mto Kagera wakauawa au kukimbia. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin, na mwaka 1981 Henry Muhanika akatoa utenzi mzima juu ya vita hivyo, kwa umbo lilelile la tendi za Kiswahili za pwani. Vitabu hivi viliandikwa machungu yakiwa bado mabichi. Nakala yenye jina la msomaji wa Bukoba au Missenyi ni ushahidi kwamba waliopigwa walisoma habari zao wenyewe.

Katuni na hadithi za picha

Katuni za Tanzania zilizaliwa magazetini. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru kuanzia mwaka 1967, na mhusika huyo akawa maarufu kuliko waandishi wengi wa gazeti lenyewe. Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha gazeti la katuni la Sani. Humo wasomaji walikutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe, na humo Philip Ndunguru aliweka mkono wake kabla ya kufariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Yakaja Tabasamu, Bongo na mengine, na baadaye James Gayo akamleta Kingo.

Zipo pia hadithi za picha za kupigwa kamera. African Film, jarida la Kiingereza la kampuni ya Drum, lilisomwa Afrika Mashariki nzima miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia, tai ya kipepeo na sigara kubwa. Katalambulla aliona mvuto huo akatoa Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili zilizoigizwa na Watanzania. Ukilikuta toleo lake lenye jalada, usibishane sana bei.

Kwa nini vitu hivi ni adimu? Kwa sababu vilikuwa vya kawaida mno. Marekani toleo la kwanza la Action Comics, lililouzwa senti kumi mwaka 1938, siku hizi hununuliwa kwa mamilioni ya dola, kwani nakala nyingi zilitupwa au kukusanywa kama karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kagera kurasa za Sani zilifungia karanga, zikawashia moto, zikabandikwa ukutani kuwa pambo. Wazazi na walimu waliziona ni upuuzi. Kilichohifadhiwa ni kile kilichoheshimiwa, na katuni haikuheshimiwa. Mkusanyaji wa leo anafanya kazi ambayo maktaba nyingi hazikuifanya.

Kuna aina nyingine isiyopewa heshima yake. Kati ya 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa, ukiwemo huu, iliendesha mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, kama vile ndizi, pamba na uvuvi, zikafunguliwa maktaba za vijijini, na Mwanza likatoka gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasomaji wapya. Vitabu hivyo ni vyembamba, havina mwandishi aliyetajwa kwa sifa, na wachuuzi huvitupa. Viulizie.

Kusoma umri wa nakala

Kabla ya kufungua hadithi, soma mihuri. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita. Kwa hiyo muhuri wenye "Ziwa Magharibi" unakuambia kitabu kilikuwa mkoani kabla ya vita au wakati wa vita vyenyewe. "Tanganyika" peke yake kwenye anwani inakurudisha nyuma ya 1964. Jina la East African Literature Bureau halina chapa mpya baada ya taasisi kufa, na riwaya zake nyingi zilizorudiwa baadaye zina jina la mchapaji mwingine. Linganisha jina hilo jaladani na kwenye ukurasa wa haki, kwa maana wachuuzi wengine hupandikiza jalada la nakala moja juu ya kurasa za nyingine.

Muhuri unakuwekea wajibu pia. Kitabu chenye muhuri wa shule au maktaba na kisicho na alama ya kuondolewa rasmi kwenye orodha huenda bado ni mali yao. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa majengo mengi mkoani, zikiwemo shule kongwe za Ihungo na Nyakato ambazo ilibidi zijengwe upya. Vitu huhama mikono kwenye misukosuko ya namna hiyo. Uliza kwanza. Kitabu kilichorudishwa shuleni kwa heshima hufungua mlango wa masanduku mengine ambayo pesa isingeyafungua.

Ukienda nyumbani kwa mwalimu mstaafu au mzee wa kanisa, usianze na bei. Salimia, keti, pokea kahawa ya kutafuna ukipewa, uliza alisoma wapi na kitabu gani kilimpendeza. Wengi hawauzi. Wakikuruhusu kupiga picha jalada na ukurasa wa kwanza, umepata jambo kubwa, kwa sababu orodha ya vitabu vilivyoko mkoani ina faida hata kama vitabu vyenyewe havihami.

Kutunza

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa haukauki. Maadui ni ukungu, mende na mchwa. Weka rafu mbali na ukuta na uiinue kutoka sakafuni, ili hewa ipite na njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema. Usifungie kitabu chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Utakuwa umekilimia ukungu. Kianike kivulini penye upepo, kamwe si juani, kisha kifute kwa brashi laini.

Magazeti ya katuni hufa kupitia pini. Pini ikishika kutu hula karatasi kuizunguka hadi kurasa za kati zinachomoka. Inyooshe ncha zake polepole kutoka ndani, itoe, na shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Selotepu usiiguse kabisa: inageuka manjano, inakauka, na inaondoka na wino. Kwa ukurasa uliochanika tumia karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano, ambayo huweza kutolewa kwa maji siku utakapopata fundi bora. Mshono wa zamani wa msomaji, kama ule wa uzi wa viatu, uache kama unashika.

Rafu ya Kagera

Mkoa huu unahitaji rafu moja ya wazi inayokusanya vitabu vilivyoandikwa hapa, vilivyochapwa hapa, vilivyohusu hapa na vilivyosomwa hapa. Inaweza kukaa Maktaba ya Mkoa, parokiani, kwenye makumbusho madogo yaliyoko Nyamukazi, au katika shule itakayokubali. Lwamgira awe karibu na Kitereza, Mulokozi karibu na kaseti za nanga, Musiba na Sani wakae bila kufichwa nyuma ya vitabu vya heshima. Kila nakala iwe na kadi: ilipatikana wapi, ilipita kwa nani kama familia inaridhia, ina mihuri gani.

Kazi hiyo haingoji bajeti. Inaanza na sanduku lililoko darini kwa babu au chini ya kitanda cha shangazi. Lifungue ukiwa naye, muulize kila kitabu kilifikaje, andika majibu yake siku hiyohiyo. Karatasi ikitunzwa vizuri itadumu miaka mingine mingi, lakini anayejua ilikopita ana umri wake, na huyo ndiye wa kuwahiwa.